Munganga na Mufumu: Utambulisho wa Watu na Historia ya Tiba Lubumbashi

Kiswahili cha Tanzania kina neno moja, mganga, ambalo limebeba mizigo miwili kwa muda mrefu: kuna mganga wa kienyeji anayetibu kwa mizizi na kupiga ramli, na kuna mganga wa serikali, kiasi kwamba daktari mwenye cheo cha juu kabisa katika wizara ya afya ya nchi hiyo anaitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Kiswahili cha Lubumbashi kimeitenganisha mizigo hiyo. Katika mji huo wa Katanga ya Juu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, munganga ni mtu wa hospitali, awe daktari aliyesoma chuo kikuu au muuguzi wa zahanati ya mtaani, ilhali anayetibu kwa njia za mababu, anayetazama chanzo cha ugonjwa katika ndoto, katika uaguzi na katika ugomvi wa ukoo, huitwa mufumu, neno lenye ndugu zake katika lugha nyingi za Maziwa Makuu. Mtengano huo haukuwekwa na kamusi wala na serikali. Uliwekwa na watu waliofika mjini kutoka pande nyingi, kila mmoja na jina lake la tabibu, wakalazimika kuelewana juu ya jambo lisiloweza kungoja, yaani kumtafuta wa kumtibu mtoto usiku wa manane.

Maandishi mengi kuhusu utamaduni na afya huanza kwa kumtazama mgonjwa: ana mila gani, anaogopa nini, kwa nini alichelewa kufika hospitalini. Historia ya Lubumbashi inadai swali liulizwe pia kutoka upande wa pili, kwa sababu hospitali iliyoletwa huko mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na mila zake, na iliyokuwa nzito kuliko zote miongoni mwa mila hizo ilikuwa ile ya kumwambia kila mtu yeye ni nani kabla ya kumwuliza anaumwa nini.

Ardhi ambayo mji ulijengwa juu yake ilikuwa ya Walamba, majirani wa Wasanga, na haikuwa nchi isiyojua mchanganyiko wa tiba. Nusu karne kabla ya reli kufika, walikuwa wamekwisha kuingia Wayeke, wafanyabiashara wenye asili ya Unyamwezi na Usumbwa, ambao kiongozi wao Msiri alijenga dola yenye makao makuu Bunkeya na kuitawala hadi alipouawa na Wazungu mwezi Desemba 1891. Simulizi za Wayeke zinakumbuka kwamba miongoni mwa mambo yaliyowapa wageni hao heshima mbele ya wenyeji ni ujuzi wa kuchanja dhidi ya ndui, yaani kumtia mtu mzima wa afya usaha kidogo wa mgonjwa ili augue kidogo na asife. Simulizi hizo zina jambo la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu zinamwonyesha mgeni akikubalika kwa dawa yake bila mwenyeji kuacha ya kwao. Tiba ya kigeni, kwa kumbukumbu hiyo, haikuwa kitu kipya Katanga. Kipya kilikuwa tiba inayokuja pamoja na uzio.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika mahali palipopewa jina la Élisabethville, ndipo Lubumbashi ya leo, na mwaka 1911 tanuri la kuyeyushia shaba likaanza kazi kando ya mto Lubumbashi. Nguvukazi haikupatikana karibu. Shirika la kuajiri lililoitwa Bourse du Travail du Katanga, lililoanzishwa mwaka 1910, lilipeleka mawakala wake vijijini, na wengine wakatoka Rhodesia ya Kaskazini, bonde la Luapula na Nyasaland. Baadaye, katika miaka ya 1920, walifuata watu wa Lomami, wa Kasai, na maelfu kutoka Ruanda-Urundi. Walikutana katika kambi za mabati na nyasi, wakilala wengi katika chumba kimoja, wakinywa maji mabaya, na vifo vilivyotokana na nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo vilikuwa vingi mno katika miaka ya mwanzo. Mafua makuu ya mwaka 1918 yalipanda treni kutoka kusini kama abiria mwingine yeyote.

Namna kampuni ilivyojibu vifo hivyo ndiyo iliyoweka msingi wa uhusiano kati ya utambulisho na tiba mjini humo. Waganga wake wawili, Pearson na Mouchet, walichapisha mwaka 1923 kitabu cha usafi wa kambi za wafanyakazi weusi katika Afrika ya tropiki, kilichotokana na uzoefu wa Katanga, na ndani yake mwili wa mfanyakazi ulishughulikiwa kwa makini kuhusu chakula, makazi, choo na maji. Makini hayo yaliokoa maisha, na si haki kuyadharau. Lakini yalikwenda sambamba na tabia ya kuwapanga watu kwa makabila kana kwamba kabila ni aina ya mashine: hawa wana mapafu dhaifu, wale wanavumilia kazi ya chini ya ardhi, wengine wanahitaji muda wa kuzoezwa. Wafanyakazi kutoka Ruanda-Urundi, waliozoea maharage, viazi, ndizi na hewa ya milimani, walipelekwa katika kambi za kuzoezwa hali ya hewa na kulishwa unga wa mahindi, wakachanjwa na kupimwa uzito, na hata hivyo wengi walikufa, mpaka uajiri wao ukasimamishwa mwishoni mwa muongo huo. Daftari la mganga liliandika kabila kabla ya kuandika ugonjwa. Mtu aliyekuwa kijijini kwao mwana wa fulani, wa ukoo fulani na mume wa binti wa watu fulani, alijifunza hospitalini kwamba yeye ni Mrundi, au Mluba, au Mbemba, na kwamba jina hilo pana lina maana kwa uzito wa mzigo atakaopewa.

Uzio nao ulikuwa wa tiba. Sayansi ya wakati huo iliamini kwamba mbu wa malaria haruki mbali, na kwamba watoto wa Kiafrika ndio ghala la vimelea vya ugonjwa huo. Kwa hiyo usalama wa Mzungu ulidhaniwa kupatikana kwa kuacha eneo tupu la mamia ya mita kati ya nyumba yake na nyumba ya Mwafrika. Eneo hilo liliitwa ukanda usio wa upande wowote, jina la upole kwa kitu kikali. Mwaka 1921 mtaa wa Waafrika ulihamishwa na kujengwa upya ng'ambo ya ukanda huo, ukaitwa Albert, ndio Kamalondo ya leo, mtaa wa muziki na wa soko unaojulikana kote nchini. Hospitali za Wazungu na za Waafrika zilikuwa mbalimbali. Mpishi au yaya aliyefanya kazi katika nyumba ya Mzungu alipita ukanda huo alfajiri na kuurudia jioni, akilea mchana kutwa watoto ambao, kwa nadharia iliyochora ramani ya mji, hakupaswa kulala karibu nao. Watu wa Kamalondo hawakuhitaji kusoma nadharia hiyo ili waielewe, kwani waliitembea kwa miguu kila siku.

Katika mazingira hayo ndipo ilipovuma, kati ya vita kuu mbili na baada ya hapo, hofu ya batumbula. Ilisemwa mjini na migodini kwamba Wazungu fulani, wakisaidiwa na Waafrika waliolipwa, huwakamata watu usiku barabarani, huwafungia mahali pa siri, huwanenepesha, kisha huwala. Watekaji hao waliitwa pia simba wa Ulaya, au simba bulaya kwa matamshi ya huko. Watafiti wawili wameliandikia jambo hili kwa uzito unaostahili, Rik Ceyssens mwaka 1975 na Luise White mwaka 2000, na wote wawili wamekataa kulitazama kama ujinga wa watu wasiosoma. Msemaji wa Kiswahili ana njia yake ya kulifikia, kwa sababu ndani ya jina mutumbula, umoja wa batumbula, anasikia kitenzi anachokitumia mwenyewe, kutumbua, ambacho ni kazi ya kupasua jipu ili usaha utoke na mgonjwa apone, na ni kazi pia ya kupasua tumbo la samaki au la mnyama kabla ya kumpika. Kitenzi kimoja kinamponya mtu na kumwandaa kuwa kitoweo, na ni nia ya mwenye kisu tu inayotofautisha.

Jambo hilo linaeleweka zaidi mtu akikumbuka tiba ya kikoloni ilivyokuwa ikifanyika. Mfanyakazi aliyeajiriwa alipitishwa mbele ya mganga akiwa uchi pamoja na wenzake. Katika maeneo ya malale, yaani ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, ambao ulikuwa umeenea bonde la Luapula, alipapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba, akatolewa damu, na pengine akadungwa sindano ndefu katika uti wa mgongo ili maji yake yachunguzwe. Bila cheti cha mganga hakuruhusiwa kusafiri. Aliyekufa hospitalini aliweza kupasuliwa ili sababu ya kifo ijulikane. Hakuna aliyekaa na jamaa zake kuwaeleza, kwa lugha yao, kwa nini damu ilichukuliwa na ilipelekwa wapi. Wakati huohuo kampuni ilikuwa ikipima chakula cha mfanyakazi na kufurahia kuongezeka kwa uzito wake. Hadithi ya watu wanaonenepeshwa ili waliwe ilikuwa maelezo ya hali hiyo kutoka upande wa aliyepimwa, na kama maelezo haikuwa mbali sana na ukweli: miili ilikuwa inalishwa kwa sababu ilikuwa inatumiwa.

Hofu hiyo haikuwafanya watu waikimbie hospitali moja kwa moja. Walikubali sindano, ambayo sifa yake ilienea haraka kwa sababu ilionekana ikifanya kazi kwa vidonda, na walikubali kwinini. Walichokataa mara nyingi ni kulazwa, kwa maana kulazwa kulimtenga mgonjwa na watu wake. Hapa tofauti ya mila ilikuwa ya kweli na nzito. Katika jamii nyingi zilizokusanyika Katanga, ugonjwa mkubwa ni wa ukoo mzima: wajomba na mashangazi hukutana, huuliza nani amekosana na nani, deni gani halijalipwa, mzimu gani haujakumbukwa, na matibabu huamuliwa katika kikao hicho. Mgonjwa aliyetiwa katika wodi na kufungiwa mlango wa jamaa alikuwa ametolewa katika sehemu ya tiba iliyoonekana kuwa ya lazima. Muuguzi aliona kwamba jamaa wanasumbua, nao jamaa waliona kwamba mgonjwa wao ameachwa peke yake na ugonjwa.

Upande wa pili wa mila hizo ulikuwa na giza lake, na mwandishi wa historia hapaswi kuupita kimya kwa ajili ya heshima. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, mtu wa Nyasaland aliyesoma shule ya misheni na kujiita Mwana Lesa, yaani mwana wa Mungu, alivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini kuingia Katanga ya kusini akibatiza watu na kuahidi kuwasafishia vijiji uchawi. Aliyeshindwa kuzama vizuri majini wakati wa ubatizo alihesabiwa kuwa mchawi na aliuawa. Waliokufa upande wa Katanga walizidi 100, na Nyirenda mwenyewe alinyongwa na serikali ya Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1926. Yeye hakujitangaza kuwa tabibu wa miili, lakini vijiji vilivyomwita vilimwita kwa sababu ya afya: watoto walikuwa wanakufa, vijana walikuwa wameondolewa kwenda migodini, na serikali iliyopiga marufuku mwavi, ile sumu ya kumpima mshukiwa wa uchawi, haikuleta njia nyingine ya kujibu swali la nani anawamaliza watu. Sehemu ya utamaduni inayoponya na sehemu inayoua zilikuwa zimeshikana. Wakoloni waliipiga ya pili bila kuitambua ya kwanza, na baadhi ya watetezi wa mila katika miaka ya baadaye wameisifu ya kwanza kana kwamba ya pili haikuwapo.

Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 kampuni ilibadili mwendo. Badala ya kuajiri vijana wapweke kwa miezi michache, iliamua kuwapa mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza waje na wake zao, sera iliyoitwa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja. Msukumaji wake mkuu alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, ambaye alitoka katika kutibu akaingia katika kusimamia nguvukazi yote ya Kiafrika ya kampuni, na mwaka 1946 akachapisha maelezo ya siasa yake ya kijamii. Kwake yeye mgodi ulihitaji kizazi kilichozaliwa kambini, chenye afya, kilichozoea saa ya king'ora. Kwa hiyo macho ya kampuni yaligeuka kutoka mapafu ya baba kwenda ziwa la mama.

Hapa ndipo utambulisho na tiba vilipogusana kwa karibu kuliko mahali pengine popote, ndani ya nyumba, kitandani. Katika jamii nyingi za Kongo mama alinyonyesha miaka 2 hata 3, na katika muda huo wazazi walijizuia kukutana kimwili, kwa kuwa iliaminika kwamba maziwa yangeharibika na mtoto angedhoofu. Waswahili wa pwani wana neno la jambo hilohilo, kubemenda, yaani kumdhuru mtoto mchanga kwa wazazi kuvunja mwiko kabla hajaachishwa ziwa, jambo linaloonyesha jinsi wazo hilo lilivyoenea Afrika ya Mashariki na ya Kati. Desturi hiyo ilikuwa elimu ya afya iliyovaa vazi la mwiko: ilimpa mama nafasi ya kupata nguvu, na ilimlinda mtoto dhidi ya utapiamlo unaompata anayeachishwa ziwa ghafla kwa sababu ndugu yake yuko njiani. Lakini ilitegemea mambo mawili ambayo kambi haikuwa nayo, nyumba ya bibi wa kukimbilia na mara nyingi mke wa pili. Wamisionari walipinga mitala, kampuni ilimpa kila mfanyakazi nyumba moja ndogo ya mke mmoja, na waganga waliona kunyonyesha kwa muda mrefu kuwa kikwazo kwa uzazi. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameeleza jinsi mabibi wa Kizungu na makampuni katika Kongo ya Kibelgiji walivyoingilia kati kwa mizani ya watoto, maziwa ya kugawa, uji na kliniki za akina mama. Katika kambi za Union Minière mama alipewa posho yake akiwa mjamzito na mtoto alilishwa katika kantini. Kuachisha ziwa mapema kulihimizwa, na nafasi kati ya mtoto na mtoto ikapungua.

Si rahisi kulihukumu jambo hilo kwa neno moja. Watoto wengi wa kambi waliishi ambao pengine wasingeishi, na wanawake waliojifungulia katika wodi ya wazazi ya kampuni walijivunia jambo hilo mbele ya jamaa zao wa kijijini. Lakini mamlaka ya bibi juu ya ziwa na chakula yalihamia kwa sista na kwa mizani yake, na mwanamke aliyekosa siku ya kupima mtoto alijua kwamba anayemwangalia ndiye anayegawa unga. Utambulisho mpya ulizaliwa humo, wa bana Shaba, watoto wa shaba, ambao kabila la baba lilibaki katika jina na katika nyimbo za msiba, ila mambo ya mwili, kuanzia kuzaliwa mpaka kuzikwa, yalikuwa ya kampuni.

Namna watu wenyewe walivyoitafakari hali hiyo inaonekana vizuri katika ngoma. Mwaka 1956 mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell alichapisha uchunguzi wake wa kalela, ngoma ya Jumapili katika miji ya shaba, aliyoitazama Luanshya, upande wa pili wa mpaka, ambako watu, lugha na migodi vilikuwa ndugu na vile vya Katanga. Wachezaji walikuwa Wabisa, wakiimba sifa za nchi yao na kuwatania makabila mengine, wakiwa wamevaa mashati masafi na suruali zilizopigwa pasi. Pamoja nao alikuwapo mtu aliyeitwa daktari, amevaa joho jeupe la chumba cha upasuaji lenye msalaba mwekundu kifuani, na mwanamke mmoja tu katika kundi zima, ambaye alikuwa sista wa hospitali, naye amevaa nyeupe. Kazi yake ilikuwa kumpitia kila mchezaji na kioo na leso, ili ajitazame na kujifuta. Mganga wa kampuni hakutazamiwa kumpa mfanyakazi kioo. Wachezaji walichukua vazi la hospitali, wakalitia ndani ya ngoma ya kabila lao, na wakampa sista kazi ambayo wangependa awe nayo, kumsaidia mtu ajione alivyo nadhifu.

Miaka kumi na mmoja kabla ya kitabu hicho cha Mitchell, mwaka 1945, kilikuwa kimetoka Élisabethville kitabu kingine chenye sifa kubwa zaidi, Falsafa ya Kibantu cha Placide Tempels, padre Mfransisko aliyeishi miongoni mwa Waluba. Tempels alidai kwamba kwa Mbantu kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai, na kwamba ugonjwa ni kupungua kwa nguvu hiyo, hivyo dawa ni kitu kinachoirudisha. Kwa wakati wake lilikuwa neno la kishujaa kusema kwamba mufumu ana hoja. Ila kitabu kilimfunga Mwafrika katika nafsi moja isiyobadilika, kana kwamba mtambo wa shaba haukuwa ukinguruma karibu. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, alionyesha baadaye jinsi maarifa ya aina hiyo, hata yale yenye upendo, yalivyoibuni Afrika ya kuzungumziwa. Onyo lake linafaa kwa kila anayeandika leo kuhusu imani za mgonjwa wa Kiafrika.

Uhuru ulipofika mwezi Juni 1960, Kongo ilikuwa na wasaidizi wa tabibu zaidi ya 100 waliofundishwa kwa miaka mingi lakini wakakosa shahada kamili, na karibu kazi yote ya udaktari ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji ambao wengi wao waliondoka. Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Waluba wa Katanga, Balubakat, alikuwa mtu wa kizazi hicho: alitaka kuwa daktari, hakukuwa na mahali pa kumfundisha, akawa muuguzi, kisha akaingia siasa na kuuawa mwaka 1964. Hospitali kubwa ya serikali mjini Lubumbashi ina jina lake.

Kujitenga kwa Katanga kutoka Kongo kuanzia Julai 1960 kulirudisha swali la kabila kwa ukali. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa pembeni mwa mji, na kwa mtu aliyeogopa kutoka humo, wodi za mjini zilikuwa mbali kuliko kilomita zilivyohesabu. Mambo yalijirudia mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi na kulala wiki nyingi katika vituo vya reli wakingoja treni, wakiugua na kufa humo, wengi wao wakiwa wamezaliwa katika wodi za kampuni iliyokuwa imewaita wote watoto wake.

Kampuni hiyo, iliyotaifishwa tarehe 1 Januari 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, ilikuwa imeendelea kuwatibu wafanyakazi, wake zao na watoto wao. Katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Miaka kumi baadaye haikufika 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikuwa amekwisha kukipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalowaita bana Shaba watoto walioachwa na baba yao. Mtu aliyezoea kuingia hospitalini kwa kadi ya kazi alijikuta akilipa kila kitu, kuanzia glavu na bomba la sindano, na ndipo mufumu, mwombezi wa kanisa la uamsho, muuza dawa wa sokoni na zahanati ya mtu binafsi walipopanda wote kwa pamoja katika hesabu za familia. Wako wanaoliita jambo hilo kurudi kwa mila. Kwa sehemu kubwa lilikuwa suala la fedha, na lugha ya mila ndiyo iliyokuwa karibu kulielezea.

Kituo cha afya cha leo katika mtaa wa Katuba au wa Kenia mjini Lubumbashi kimebeba tabaka zote hizo. Fomu ni ya Kifaransa, mazungumzo ni ya Kiswahili. Mama anasema kichwa inaluma, kwa maana katika Kiswahili cha huko maumivu humng'ata mtu, na anasema mwili wa mtoto ni moto. Muuguzi anaandika homa kwa Kifaransa, anapima, anatoboa kidole kutafuta malaria. Kisha, kama ni muuguzi mzoefu, anauliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu mtoto amekwisha kupewa nyumbani. Mama hajibu mara moja. Anamtazama kwanza bibi aliyekaa kwenye benchi nyuma yake, na bibi akiinamisha kichwa kukubali, ndipo jina la mzizi hutajwa, kwa Kiluba au kwa Kibemba, na muuguzi hulitafutia nafasi pembezoni mwa karatasi, kwa kuwa fomu haina kisanduku chake.